Msiba wa Toleo la Zamani

Usiku wa jana niliota kivinjari changu kimefiwa.

Kabla sijaeleza msiba, nieleze mfiwa. Kivinjari ni ile programu ya kompyuta inayonifungulia kurasa za mtandaoni. Alhamisi jioni kilijisasisha chenyewe bila kuniuliza, kama mpangaji anayebadili kitasa cha nyumba ya watu. Nilikuwa nimejaza ombi langu la uhamisho mpaka mwisho. Kilichobaki ni kubofya kitufe kilichoandikwa Tuma. Nikabofya. Kitufe kikanitazama.

Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikabofya tena kwa upole, kisha kwa hasira, kisha kwa Baba Yetu. Kimya. Na maombi yanafungwa Ijumaa adhuhuri, hayafunguliwi tena mpaka mwakani.

Mimi ni mwalimu wa jiografia huku Kahama. Mke wangu Gaudensia ni muuguzi Makambako, na binti yetu Skolastika anaishi naye. Likizo iliyopita nilipofika, Skola alinivutia kiti cha wageni, akakifuta kwa upindo wa gauni lake, akaniambia, "Karibu, jisikie uko nyumbani." Ni mtoto mwenye adabu. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Basi nikaifunika kompyuta bila kuizima, nikalala.

Naota nasikia kilio. Kinatoka mezani. Nainua kifuniko cha kompyuta, na ndani kuna uwanja, na uwanjani kuna turubai la bluu, viti vya plastiki vya kukodi, sufuria kubwa la chai, na watu wamekaa mikekani. Naingia kwa mguu wa kulia. Hakuna anayeshangaa kwamba nimepita kwenye skrini. Mtu mmoja ananikumbusha tu kwamba viatu vinaachwa pale.

Navua kandambili zangu, nazipanga pembeni. Ya kushoto ilikatika kamba ile likizo, Skola akaifunga kwa uzi mwekundu wa sweta lake. Naiweka vizuri isikanyagwe.

Mstari wa mbele vimekaa vichupo vyangu, yaani kurasa zote nilizoziacha wazi tangu muhula uanze. Kipo cha matokeo ya mpira, kipo cha dawa ya chunusi, kipo cha namna ya kusonga ugali usio na madonge. Vyote vimeshika tama.

Kando yao amekaa Kiduara, yule anayezungukazunguka ukurasa unapofunguka. Sijapata kumwona ametulia. Leo ametulia, mikono kichwani.

"Pole sana," namwambia. "Nani amefariki?"

"Toleo la Zamani," anasema. "Aliambiwa afunge, kisha afungue upya. Alifunga."

Nampa mkono wa pole. Mkono wake ni wa mviringo, kwa hiyo inachukua muda kujua umeishia wapi. Kisha namwuliza, kwa unyenyekevu wote, kama katika huzuni hii anaweza kuzunguka kidogo tu, maana nina ombi la kutuma kabla ya adhuhuri. Ananiuliza kama kwetu mtu akifiwa huwa tunamwambia azunguke. Naona haya, nakaa mkekani.

Katikati, mahali pa mfiwa mkuu, amekaa mama mmoja aliyevaa gauni jipya, lebo ya dukani bado inaning'inia kwapani. Huyu ndiye Toleo Jipya. Ameletwa jioni ile ile marehemu alipofunga, chai ya msiba haijachemka, akakabidhiwa nyumba, vyombo na watoto. Vichupo haviongei naye. Navielewa. Lakini yeye naye namwonea huruma, kwa sababu kila akiuliza chumvi inakaa wapi, watu wanaanza kulia upya.

Namsogelea, namwambia natafuta kitufe cha Tuma.

"Kipo," anasema. "Nimekihamishia mahali pazuri zaidi."

"Wapi, mama?"

"Nimesahau. Nyumba yenyewe nimeipata jana."

Sikati tamaa. Kabla ya kulala nilikuwa nimesoma maelekezo ya kutibu kivinjari kilichougua baada ya kusasishwa, nami mwalimu nikisoma kitu sikisahau upesi. La kwanza ni kusafisha ghala. Kivinjari hutunza ghalani kila kitu kilichowahi kuona, na ghala likijaa makorokoro ya enzi za toleo lililopita, toleo jipya linajikwaa.

Nafungua mlango wa ghala. Ndani mna shati nililolitazama nisilinunue, mna pikipiki, mna uso wa mkuu wa shule kwenye kila mahafali. Vingine vyote, mpaka darini, ni magunia. Nafungua gunia moja. Ni ramani ya Makambako. Nafungua la pili. Makambako. Nilidhani huwa naitazama mara moja moja.

Nachukua ufagio. Hapo hapo shangazi mmoja ananishika mkono. Uso wake wote ni vidoti vyeusi. Ni Nenosiri langu. Namjua kwa jina tu, sura yake sijawahi kuiona.

"Nyumba yenye msiba haifagiliwi," anasema. "Unataka kumfagia marehemu?"

"Shikamoo, shangazi."

"Nitaje kwanza."

Namtaja. Anasema si hivyo, mwanzo wake ni herufi kubwa. Namtaja tena. Anasema nimesahau alama ya mshangao. Naweka mshangao. Ndipo anaitikia marahaba, na anaurudisha ufagio ukutani.

La pili kwenye maelekezo ni kuviondoa viendelezi, kimoja baada ya kingine, ili mtu amjue mchawi ni nani. Viendelezi ni wale jamaa uliowakaribisha mwenyewe siku moja wakusaidie jambo dogo, wakahamia. Yupo mmoja anayetafsiri kila neno linalosemwa, hata kilio. Yupo mwingine amesimama mlangoni kuzuia matangazo, na amewazuia shehe, padri na mleta sukari.

Nawaomba watoke. Wanatoka kwa heshima, wanapiga kona nyuma ya turubai, wanarudi kwa upande wa pili na kukaa. Nawauliza mbona wamerudi. Wanasema kwani waliondoka lini. Yule mtafsiri anatafsiri jibu hilo kwa Kifaransa.

La tatu ni hali fiche. Hapo mtu anaingia mtandaoni bila kujulikana. Shangazi Nenosiri ananitupia kanga kichwani, na mara moja hakuna anayenifahamu. Kiduara ananiuliza kama nimetoka mbali. Najisifu moyoni kwamba sasa mambo yatakwenda.

"Jina lako?" anauliza mmoja wa vichupo, kile cha ombi langu la uhamisho.

Nafikiri. Silijui.

"Jina la kituo cha kazi?"

Silijui.

"Unahamia kwa nani?"

Najua kuna mtu mahali fulani penye baridi, lakini jina lake haliji. Naivua kanga kwa haraka mpaka inachanika. Gaudensia. Makambako. Mimi ni Osmund Ngonyani. Nashukuru Mungu, nakaa chini. Hali ile sitaki kuiona tena hata kwenye ndoto ya mtu mwingine.

Shangazi Nenosiri ananiletea chai ya rangi. Ananiambia tatizo si ghala wala viendelezi. Tatizo ni kwamba msiba huu hauna mtani.

Hapo naelewa kila kitu, na ninajilaumu kwamba nilikuwa nafuata maelekezo ya watu wasiofiwa. Kwetu, makabila yaliyopigana zamani yakaja kupatana yana utani. Mimi ni Mngoni, watani wangu ni Wahehe. Mtani akija msibani hatulii pamoja nawe. Anaiga marehemu alivyokoroma, anakuibia kiatu, anakupaka unga usoni, na huna ruhusa ya kukasirika. Wafiwa wakicheka, basi, matanga yameanuliwa. Watu wanainuka mikekani wanarudi kwenye kazi zao. Pasipo mtani wanaweza kukaa hapo mpaka mwakani.

"Mtani wa marehemu ni nani?" nauliza.

"Aliyepigana naye," anasema shangazi. "Kile kivinjari kingine. Kile kilichokuja na kompyuta."

Nyote mnakijua. Ni kile ambacho mtu hukifungua siku ya kwanza, akakitumia kupakua kivinjari kingine, asikiguse tena.

Naondoka kwenda kukitafuta. Kipanya kinanionyesha njia, lakini kinanitangulia kwa umbali wa heshima. Kimesikia maneno ya watani kwamba Wangoni tunakula panya. Nakiambia ule ni utani tu. Kinaongeza mwendo.

Natoka nje ya turubai, na nje ni darasa langu la kidato cha pili. Madawati yamejaa aikoni, zimekaa kwa mistari, kila moja na jina lake chini. Zinasimama zote na kuniamkia. Naziambia zikae. Dawati la mwisho kabisa, pembeni ya dirisha lililovunjika kioo, amekaa Kivinjari wa Kwanza. Ni mwanamke mkavu mwenye vumbi mabegani, na ana sauti ya Mwalimu Editha Kalinga.

Mwalimu Kalinga anafundisha hisabati hapa shuleni. Ni Mhehe, mtani wangu kamili. Kila asubuhi huniambia Wangoni walitembea kutoka kusini mpaka Songea kwa sababu huko njiani kote hakuna aliyewaomba wabaki.

Nachuchumaa mbele ya dawati. Namwamkia shikamoo. Namwomba radhi kwa miaka yote ya kutomwita, namweleza msiba, namweleza na Skola na kile kiti, machozi yananilengalenga.

Anageukia dirishani.

"Ulinifungua siku moja tu," anasema. "Ukanituma nikakuletee yule."

Namwomba radhi upya, kwa maneno mazuri zaidi. Anazidi kununa. Namwita mheshimiwa. Anavuta daftari la jirani yake anajifunika uso. Aikoni zote zinanitazama kwa masikitiko, kama wanafunzi wanaomwona mwalimu akikosea hesabu ubaoni.

Ndipo naliona kosa. Nani amewahi kumbembeleza mtani? Kumheshimu mtani ni kumwambia kwamba undugu umekwisha.

Nasimama. Najipangusa magoti. "Wewe," namwambia, "ni mzito mpaka vumbi lenyewe limekukalia kwa kukosa pa kwenda. Ukiombwa ukurasa mmoja unauleta wakati mwenye shida ameshazeeka. Hata mtandao ukikuona unakatika."

Anafunua uso. Anatabasamu mpaka vumbi linaanguka.

"Mngoni mla panya," anasema, "mbona ulichelewa hivyo kusema?"

Kipanya kinatoka darasani.

Tunarudi kwenye turubai. Mtani hapigi hodi. Anaingia akilia kwa sauti kubwa ya uongo, anajitupa katikati ya mkeka, analala chali mahali pa marehemu, anafumba macho.

"Sijibu," anasema kwa sauti nzito ya Toleo la Zamani. "Sijibu. Je, ungependa kusubiri, au kunifunga?"

Kichupo cha chunusi kinajikaza.

"Nasubiri," anajijibu kwa sauti yangu.

"Sijibu. Je, ungependa kusubiri, au kunifunga?"

"Nasubiri!"

"Asante kwa kusubiri. Sijibu."

Kichupo cha ugali kinapasuka kicheko. Kinajaribu kukigeuza kuwa kilio, kinashindwa. Cha mpira kinafuata. Shangazi Nenosiri anacheka kwa vidoti, kimoja kimoja. Mtani ananyanyuka, anachota unga kwenye beseni la wapishi na kuwapaka viendelezi nyuso, na yule mlinzi wa matangazo anapopakwa anasahau kazi yake, shehe na padri na mleta sukari wanaingia wote kwa pamoja. Kisha anamwendea Kiduara, anamwambia amekaa pale kama chapati iliyokosa mlaji.

Kiduara anajizuia. Mabega yanamtikisika. Anacheka, na akicheka anazunguka kidogo, nusu, halafu anaona aibu, anasimama, anacheka tena, na safari hii anamaliza mzunguko mzima. Watu wanapiga vigelegele.

Amebaki Toleo Jipya. Hacheki. Anatazama mkeka. Mtani anasimama mbele yake akiwa na mikono kiunoni, na uwanja wote unanyamaza kwa sababu huyu ndiye mgeni wa nyumba, hakuna ajuaye kama ana mtani au hana.

Mtani anainama na kuikwanyua ile lebo kwapani. Anaisoma kwa sauti. "Imeboreshwa," anasoma. "Ina kasi zaidi." Anamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Wewe unayekaa tu tangu jana?"

"Mfiwa hainuki mpaka matanga yaanuliwe," anasema Toleo Jipya. "Niliambiwa. Nami nilitaka kufanya vizuri." Kisha anaanza kucheka, polepole, kicheko cha mtu ambaye amechoka kuogopwa, na vichupo vinamtazama kwa mara ya kwanza.

Mtani anamshika mkono, anamwinua.

Chini yake, pale alipokuwa amekaa, kuna kitufe cha Tuma. Kimelala bapa, kimekunjana kidogo, kina joto.

"Ahaa," anasema Toleo Jipya. "Mahali pazuri zaidi."

Ufagio unachukuliwa. Ghala linafagiliwa, magunia yanatolewa nje, na mimi naruhusiwa kubaki na ramani moja ya Makambako. Nakikunjua kitufe na kukipangusa. Nanyosha kidole. Kitufe kinakohoa.

"Ngoja," kinasema. "Umeandika sababu ya kuhama ni kuimarisha utoaji wa huduma ya elimu katika maeneo yenye uhitaji."

"Ndiyo."

"Hiyo si sababu. Hiyo ni hotuba. Mimi nimekaliwa usiku kucha, sitabofywa kwa hotuba."

Watu wote wananitazama. Kwa mtu mzima kusema haja yake mbele ya nenosiri lake ni jambo gumu. Lakini adhuhuri inakuja, na nimechoka kujisikia niko nyumbani kwa kuambiwa.

"Mwanangu ananipa kiti cha wageni," nasema. "Nataka kukaa kwenye kile kibovu, kama baba wengine."

Kitufe kinafikiri. "Haya," kinasema, "bofya."

Nabofya. Kiduara anazunguka kwa fahari, kama siku zake za zamani.

Naaga. Natafuta viatu vyangu pale pembeni, naona kandambili moja tu. Ile nyingine iko kichwani mwa mtani, ameivaa kama kofia, uzi mwekundu unaning'inia kwenye paji la uso wake. Namwambia aniachie, mtoto wangu ndiye aliyeifunga.

"Ya mtani haidaiwi," anasema. "Inafuatwa. Utaikuta mbele ya safari." Anapanda juu ya turubai, turubai ni kilima chenye baridi na mashamba ya viazi, anateremka upande wa pili na simwoni tena.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, jogoo wa jirani ameshachoka kuwika. Kifuniko cha kompyuta kilikuwa wazi. Kwenye skrini kulikuwa na maneno mawili ya kijani: Ombi limepokelewa. Nikajiambia nilibofya usingizini. Watu hutembea usingizini, sembuse kubofya.

Nikashusha miguu kitandani kutafuta kandambili. Ya kulia ilikuwepo. Ya kushoto haikuwepo. Nikainama uvunguni, nikasogeza ndoo, nikasogeza meza, nikatoka mpaka uani. Sikuiona.

Nilipokuwa bado nimepiga magoti simu ikaita. Alikuwa Gaudensia. Sauti yake ilikuwa ya tahadhari, ile ya kumwuliza mgonjwa kama amekunywa dawa.

"Baba Skola," alisema, "umemtuma mtu huku?"

Nikamwambia sijamtuma mtu.

"Basi sielewi. Nimefungua mlango sasa hivi niende zamu, nakuta kandambili ya kiume kizingitini. Moja tu, ya kushoto, ina unga unga. Skola ameikung'uta ameiingiza ndani."

Nikamwambia aiweke tu hapo kwenye kiti.

"Nilimwambia hivyo hivyo," alisema Gaudensia, "aiweke kwenye kile kiti cha wageni. Amekataa. Anasema anaujua ule uzi, na mwenye kiatu si mgeni."